Msumbiji baada ya 1992: mila na ngoma zilisaidia kwa kiasi gani kuwarudisha watu pamoja?

Mwalimu_Songea

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninafundisha historia kidato cha tano na cha sita, na muhula huu tumekuwa tukiwajadili majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Tumekwisha kupitia vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964, uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, na vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru, na waasi wa Renamo, vilivyoendelea kuanzia 1977 hadi Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, kiongozi wa Renamo, walipotia saini Mkataba wa Amani mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walipoteza maisha, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoletwa na vita, na kwamba wakimbizi waliorejea nchini baada ya mkataba walifika milioni 1.7, sehemu kubwa kutoka Malawi.

Swali lililozuka darasani ni hili. Mwezi uleule wa Oktoba ilipitishwa sheria ya msamaha iliyohusu pande zote mbili. Hapakuundwa mahakama maalumu, wala tume ya ukweli ya namna ile waliyoiunda Waafrika Kusini miaka michache baadaye. Viongozi waliwataka wananchi wayaache yaliyopita yapite, na wapiganaji wakarudi vijijini, wengine katika vijiji vilevile walivyokuwa wamevishambulia. Mwanafunzi mmoja akauliza: mama aliyechomewa nyumba aliwezaje kuchota maji kisima kimoja na yule aliyeichoma? Vitabu tulivyo navyo havijibu. Vinatupa picha za wanawake wa pwani waliopaka nyuso weupe, vinyago vya Wamakonde, marimba za Wachopi na vitambaa vya rangi zote, kisha chini yake huandikwa kwamba watu wa Msumbiji ni wastahimilivu na wana mila za kupendeza. Wanafunzi wangu wanasema kati ya kisima na picha hizo pana pengo, nami naona wana haki.

Naomba msaada wenu, hasa mliowahi kuishi huko au mlio na ndugu huko. Ni mila zipi hasa zilizotumika kuwarudisha watu pamoja, na zilifanya kazi kwa njia gani? Au nikubali tu kwamba picha hizo ni mapambo ya kalenda?

Bi_Nampula

Mwalimu, nashukuru kwa swali. Niliishi Nampula kwa miaka kadhaa nikifanya biashara ya vitenge, na shughuli hiyo ilinifikisha mara nyingi Ilha de Moçambique, kile kisiwa kidogo kilichowahi kuwa makao makuu ya Wareno na ambacho UNESCO ilikiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1991. Kwa hiyo naweza kusema machache kuhusu hao wanawake wenye nyuso nyeupe.

Weupe ule ni msiro. Kipande cha mti husuguliwa juu ya jiwe bapa kwa maji kidogo mpaka kitoe uji mzito mweupe, nao hupakwa usoni na kuachwa ukauke. Mgeni mwenye kamera hudhani ni mavazi ya maonyesho, kumbe aliyejipaka yuko njiani kwenda kununua samaki na anataka tu ngozi yake ibaki laini juani.

Ngoma yenyewe huitwa tufo, na mtu wa pwani yetu akiiona haimpotei, kwa kuwa imetoka katika maulidi na matari. Wapigaji wanne hushika matari ya ukubwa tofauti, na mbele yao safu za wanawake hupiga magoti na kuyumbisha mabega na mikono kwa pamoja, wakiimba kwa Kimakua kilichochanganywa na maneno ya Kiarabu na Kireno. Wazee wa kisiwani husimulia kwamba ilifika huko kutoka Kilwa. Zamani ilikuwa zaidi ya wanaume. Leo wenye ngoma ni wanawake.

Naomba wanafunzi wako wasikomee kwenye mabega. Wakiangalie chama kilicho nyuma yake. Kila kundi lina mwenyekiti, mweka hazina, michango na sare, na wanaoujua uzoefu wa lelemama, zile ngoma za vyama vya wanawake, wa Tanga, Mombasa na Lamu wataelewa mara moja ninachosema. Kwa kila shughuli kubwa kundi huchagua capulana moja, yaani kile kitambaa cha kujifunga ambacho mwanamke wa Msumbiji hujivika, humbebea mtoto, hukitoa zawadi na hufunikiwa nacho akifa, na wanachama wote hushona au hujifunga hiyohiyo. Asiye na uwezo huchangiwa. Akifiwa mmoja, chama ndicho kinachopika, kinachokesha na kinachosimamia matanga.

Sasa fikiria hali ya miaka ya themanini. Vita vilipopamba moto bara, familia nyingi zilikimbilia kisiwani kwa sababu bahari ilikuwa kinga, na ule mtaa wa nyumba za makuti ukajaa watu kupita kiasi. Mwanamke aliyefika hapo akiwa na watoto wake na bila ukoo alikuwa na hofu moja ambayo sisi tulio kwetu huwa hatuifikirii: nikifa leo, nani atanizika? Wanawake waliokuwa wakinunua vitenge kwangu walinieleza kwamba kuingia katika kundi la tufo kulikuwa ndiyo njia ya haraka ya kupata watu wa kukuzika. Kuimba kulikuja baadaye, na wengine hawakuwa hata na sauti nzuri.

Baada ya mkataba makundi hayohayo yaliimba kuhusu kupiga kura, kipindupindu na UKIMWI, na kila tarehe 7 Aprili, siku ya mwanamke wa Msumbiji inayokumbuka kifo cha Josina Machel hapa Dar es Salaam mwaka 1971, hujitokeza na sare mpya. Msidhani lakini kwamba ni upendo mtupu. Mashindano ni makali, na mafumbo yanayotupwa katika nyimbo huweza kuwafanya majirani wasisalimiane mwaka mzima. Hata hivyo, ugomvi wa nani ana sare nzuri zaidi ni ugomvi ambao nchi iliyotoka vitani inaumudu.

Kuhusu kisima cha mwanafunzi wako, tufo haina jibu. Iliwapa waliopoteza kila kitu watu wapya. Haikumkutanisha mchomaji na aliyechomewa.

Mzee_wa_Newala

Mwalimu na Bi Nampula, hamjambo. Mimi ni Mmakonde wa upande huu, lakini ukoo wa mama yangu ulitoka uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Naomba niweke sawa jambo la vinyago, maana mara nyingi huwekwa pasipo mahali pake.

Mapiko ni ngoma ya vinyago inayohusiana na jando. Mchezaji, ambaye huitwa lipiko, huvaa kinyago cha mbao nyepesi kinachofunika kichwa kizima, mara nyingine kikiwa kimepandikizwa nywele halisi za binadamu na kuchorwa chale kwa nta, huku mwili ukifunikwa kwa nguo na kufungwa njuga ili asitambulike. Wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawatakiwi kujua aliyemo ndani, na nusu ya raha ya ngoma imo katika kujifanya hujui. Vinyago hivyo havijawahi kukaa katika sura moja. Wakati wa Mreno ilichongwa sura ya ofisa wa kikoloni ili achekwe uwanjani bila yeye kuelewa. Baada ya uhuru zikaja sura za wanasiasa na vioja vya mjini.

Lakini vita vya Renamo havikuuumiza uwanda wa Mueda kama vilivyoumiza mikoa ya Zambézia, Sofala au Inhambane. Kidonda kikubwa cha Mueda ni mauaji yaliyofanywa na Wareno tarehe 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyofuata. Anayewaonyesha wanafunzi picha ya mapiko na kuwaambia kwamba hivyo ndivyo watu walivyopona baada ya 1992 anachanganya vita viwili. Mapiko inaeleza ustahimilivu wa zamani zaidi, ule wa kuvuka Ruvuma na mila mgongoni. Wachongaji waliokuja upande wetu walikuta mpingo na soko, na kutokana na hayo mawili ukazaliwa uchongaji ambao leo mtalii anaununua Mwenge akidhani umekuwapo tangu enzi za mababu: ule mtindo wa ujamaa wa watu waliopandana kama mnara, na ule wa mashetani. Hiyo ni sanaa ya uhamishoni, na si ya kale kama inavyouzwa.

Jambo la pili ni kwamba hapa kwetu Nachingwea, katika kambi ya mafunzo ya Frelimo, vijana wa makabila mbalimbali walifundishana ngoma za kwao, na hilo liliwasaidia sana kujiona taifa moja. Ila Frelimo hiyohiyo iliposhika serikali ilikuwa na maneno makali dhidi ya matambiko, unyago, waganga na majumbe. Yote hayo yaliitwa ujinga wa zamani. Walizitaka ngoma bila mizimu yake. Ndugu Mchambuzi_Beira, ambaye nimewahi kumsoma hapa akieleza habari za katikati ya nchi, pengine ataweza kutueleza matokeo yake.

Mchambuzi_Beira

Mzee, shikamoo. Umeufungua mlango ambao wengi huupita bila kuuona.

Mara nyingi mila hizi husimuliwa kana kwamba zilikaa pembeni zikingoja vita viishe ndipo zije kutibu, ilhali zilikuwa ndani ya vita tangu mwanzo. Baada ya uhuru serikali iliwaondoa majumbe waliokuwa wakitumiwa na Wareno, ikawahamishia watu katika vijiji vya pamoja, na ikakataza matambiko ya hadharani. Renamo, ambayo asili yake ni msaada wa Rhodesia na baadaye wa utawala wa makaburu, ilifika vijijini ikiahidi kuwarudishia majumbe heshima yao na mizimu nafasi yake, huku ikiteka watoto na kuua. Pande zote mbili zilikuwa na askari waliotafuta dawa za kuzuia risasi. Zambézia mnamo 1990 lilizuka jeshi la wanakijiji lililoitwa Naparama, likiongozwa na kijana aitwaye Manuel António, ambalo lilipigana na Renamo kwa mikuki na visu baada ya kuchanjwa dawa, na kwa muda mfupi likarudisha maelfu ya watu kwenye mashamba yao. António mwenyewe aliuawa mwaka 1991. Kwa hiyo mganga aliyemwosha askari baada ya vita aliweza kuwa yuleyule aliyemchanja kabla ya vita, na huo si unafiki: aliyefunga ndiye ajuaye kufungua.

Sasa nije kwenye kisima.

Kusini mwa nchi, mtoto aliyetoroka au kuachiwa kutoka kambi za wapiganaji hakuketishwa chini na kuulizwa alimuua nani. Wazee waliona kwamba kuyasema maovu ni kuyaita yarudi. Alitambulishwa kwanza kwa mizimu ya ukoo ili ijue kwamba amerejea. Kisha, katika namna mojawapo ambayo watafiti wameieleza, kibanda kidogo cha nyasi hujengwa nje ya mji, mtoto huingia akiwa amevaa nguo zilezile alizotoka nazo porini, huzivua, na kibanda huchomwa moto pamoja na nguo hizo. Kuku huchinjwa, mtoto huogeshwa dawa na kufukizwa, na hurudi nyumbani bila kugeuka kutazama nyuma. Asiyefanyiwa hivyo alihesabiwa kuwa hatari kwa nyumba nzima, kwa sababu roho za aliowaua zingemfuata na kuwashambulia hata nduguze wasio na hatia. Kwa maana hiyo ibada haikuwa hisani kwa mtoto peke yake. Kijiji kilikuwa kinajikinga, na ndiyo sababu hata waliomchukia walihudhuria.

Katikati, hasa Gorongosa, ambako Renamo ilikuwa na ngome zake kuu, mambo yalikuwa magumu zaidi na yalichukua muda mrefu zaidi. Huko, miaka kadhaa baada ya mkataba, walianza kuonekana kwa wingi wagonjwa waliopagawa na gamba, yaani roho ya mtu, aghalabu askari, aliyekufa vitani na hakuzikwa. Mara nyingi mgonjwa alikuwa mwanamke: mimba hazishiki, ndoa zinavunjika, usiku anapiga kelele. Victor Igreja, mtafiti wa Msumbiji aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi, ameeleza jinsi kilinge cha gamba kinavyokwenda. Ngoma hupigwa, roho hupanda, na kwa kinywa cha mgonjwa hujitaja ni nani, aliuawa wapi, na ni nani katika ukoo wa mgonjwa aliyemuua au aliyeutumia mwili wake kutengeneza dawa ya kujikinga. Ndugu waliokusanyika hukana. Roho hushikilia. Mganga huhoji huku na huku, majirani wakisikiliza, mpaka mtu mzima mmoja akubali kwamba ndiyo, marehemu mjomba alifanya jambo hilo. Hapo ndipo mazungumzo ya fidia huanza.

Mwalimu, zingatia kinachotendeka hapo. Serikali ilisema tusahau, Renamo ikasema tusahau, na mchana hakuna aliyethubutu kumnyooshea jirani kidole, maana kufanya hivyo kungeweza kuwasha upya ugomvi wa vyama. Usiku, katika kilinge, aliyekuwa akishtaki hakuwa jirani. Alikuwa maiti, na maiti hafungwi wala hapigwi kwa kusema ukweli. Kijiji kilipata mahakama isiyo na hakimu wa serikali, yenye mashahidi, mshtakiwa, kukiri na fidia, na kila mtu aliweza kurudi nyumbani akisema kwamba si yeye aliyeyasema yale. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la karibu zaidi kwa mwanafunzi wako. Watu hawakusahau, na wala hawakusamehe kwa wepesi tunaousoma. Walipata namna ya kusema bila kuonekana wanasema.

Nisiipambe kupita kiasi. Mzigo uliwaangukia wanawake, ambao miili yao ndiyo iliyotumiwa kama jukwaa, na fidia nyingine ilikuwa binti kuhesabiwa mke wa roho, jambo ambalo haliwezi kuitwa haki. Waganga walitoza ada. Makanisa ya kilokole yaliyoenea mno baada ya vita yalikuwa na njia yao ya kupunga pepo, na wengi waliichagua kwa kuwa ilikuwa nafuu na haikudai kuku. Serikali nayo ilibadilika pole pole, ikaacha kuwabughudhi waganga, na kwa agizo namba 15 la mwaka 2000 ikawatambua tena viongozi wa jadi, ingawa wapo wanaosema kwamba ilikuwa inatafuta kura zao.

Mkaazi_Kilambo

Nimewasoma wote kwa makini, na ninawaheshimu, lakini sisi tulio mpakani tunaisikia hadithi hii kwa masikio mengine. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, imerudi vitani. Mwaka 2021 walifika Palma. Watu waliokimbia makazi yao katika kipindi hicho walikaribia milioni moja, wengi wao Wamwani, Wamakua na Wamakonde, na baadhi yao walivuka mto wakaja huku kwetu.

Ngoma zilikuwapo na majumbe walikwisha kurudishwa, hata vikundi vya wanawake viliendelea kuimba. Lakini rubi iligunduliwa Montepuez mwaka 2009 na gesi baharini mwaka uliofuata, na kijana wa Kimwani aliyeona utajiri huo ukipita mbele ya mlango wake hakuona kwamba kuogeshwa dawa kulikuwa jibu. Wale waliowashawishi vijana walianza kwa kuwadharau wazee na misikiti ya wazee, na maulidi, ambayo ni mama wa hiyo tufo, waliyaita uzushi. Hata Naparama wamezuka tena huko tangu 2022, nao ni dalili ya watu kuachwa wajilinde wenyewe. Bila hayo darasani, wanafunzi watadhani hadithi iliisha Roma.

Mchambuzi_Beira

Ndugu wa Kilambo, sikatai hata moja. Niongeze tu kwamba hata kati ya Frelimo na Renamo bunduki zilisikika tena 2013 na kuendelea, mpaka makubaliano ya Agosti 2019 yaliyowashusha wapiganaji wa mwisho kutoka porini, mwaka mmoja baada ya Dhlakama kufariki. Nilichodai ni kwamba vilinge vya Gorongosa viliwawezesha majirani kuishi pamoja. Sikudai kwamba viligawa mapato ya gesi.

Mwalimu_Songea

Nawashukuru sana, na hoja ya Kilambo itaingia katika somo la wiki ijayo. Nina swali dogo la nyongeza. Mwanafunzi mmoja ameleta picha ya kiti kilichotengenezwa kwa bunduki halisi, akisema ni cha Msumbiji na kipo London. Je, ni kweli? Pia kuhusu marimba za Wachopi hakuna aliyezungumza.

Mwanafunzi_Maputo

Mwalimu, ni kweli. Kiti hicho kilitengenezwa mwaka 2001 na Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, na kipo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Vipande vyake ni vya silaha zilizokusanywa na mradi ulioanzishwa mwaka 1995 na Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya askofu Mwanglikana Dinis Sengulane. Aliyeleta silaha alipewa jembe, cherehani, baiskeli au bati za kuezekea, bila kuulizwa aliipata wapi, na kijiji kimoja kilichokusanya bunduki nyingi kilipewa trekta. Silaha zilikatwakatwa, na baadhi ya vipande vikapelekwa kwa wasanii wa chama cha Núcleo de Arte hapa Maputo. Kester na wenzake watatu ndio waliotengeneza pia ule mti mkubwa wa chuma unaoitwa Mti wa Uhai. Wanafunzi wako watapenda kujua kwamba katika bunduki zote hizo hakuna hata moja iliyotengenezwa Msumbiji. Zilitoka Ulaya Mashariki, Ureno na kwingineko.

Maoni yangu binafsi ni kwamba cherehani zilifanya kazi kubwa kuliko kiti, ila cherehani hazipigwi picha. Kile kitendo cha kutomuuliza mtu alipoipata silaha kinafanana sana na alichoeleza Ndugu Mchambuzi kuhusu watoto, na sidhani kwamba kilitokea kwa bahati tu: waliouendesha mradi walizaliwa vijiji hivihivi.

Kuhusu marimba, huku huitwa timbila, nazo ni za Wachopi wa wilaya ya Zavala, mkoa wa Inhambane. Ni mkoa uleule wa Homoine, ambako tarehe 18 Julai 1987 waliuawa watu zaidi ya mia nne, hivyo msidhani kwamba walikuwa mbali na vita. Bapa zake hutengenezwa kwa mti uitwao mwenje, na chini ya kila bapa hufungwa kibuyu cha tunda gumu la masala ili sauti ivume. Ngoma moja kamili huhitaji wapigaji wengi, wachezaji, mtunzi wa nyimbo na jumbe wa kuigharimia, kwa hiyo vita vilipowatawanya watu, hata mwenye timbila yake nyumbani hakuwa na ngoma. Venâncio Mbande, fundi mashuhuri aliyekuwa ameishi miaka mingi akifanya kazi na kufundisha katika machimbo ya Afrika Kusini, alirudi Zavala baada ya amani na kuanza kuwafundisha vijana na watoto nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 2015. UNESCO iliitangaza timbila kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, mwaka uleule ilipoitangaza Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya Wachewa wa Msumbiji, Malawi na Zambia.

Tatizo la sasa ni mwenje. Mti huo hukua polepole mno, umekatwa sana, na mafundi wanalalamika kwamba inabidi waufuate mbali. Ukitaka mada ya mdahalo isiyo na majibu ya kitabuni, waulize wanafunzi ni nani anayestahili kuupanda: serikali, UNESCO, au wapigaji wenyewe ambao hawatakuwa hai siku utakapokomaa.